Gazeti Mfukoni, Mwenyewe Nani?

Wiki iliyopita, barazani Machomane, hapa Pemba, baada ya sala ya Isha, kijana mmoja msomi alituambia: "Siku hizi hakuna wa kutuziba midomo. Kila Mpemba ana gazeti lake mfukoni." Wazee wakaitikia kwa vichwa, kahawa ikaongezwa. Mie halua ilinikwama kooni.

Gazeti lake, hiyo simu? Gazeti lina mwenyewe, na mwenyewe ni anayelipa. Mwaka 2023 Meta, wenye Facebook, Instagram na WhatsApp, waliingiza dola bilioni 135 hivi, na zaidi ya asilimia 95 ya fedha hizo zilitoka kwa wenye matangazo. Wewe katika mitandao hiyo si mhariri wala mnunuzi. Wewe ni jozi ya macho inayouzwa kwa muuza sabuni, na asichokipenda muuza sabuni hakitafika mbali.

Mwenye shaka na aitazame lugha yetu. Google walianzisha AdSense, mpango wa kuwagawia wenye tovuti fedha za matangazo, mwaka 2003. Kiswahili wakakikubali 2018. Miaka 15! Muda wote huo aliyeandika kwa Kiswahili hakukatazwa kusema, alinyimwa ujira tu, huku mwenzake wa Kiingereza akila. Hakuna askari aliyegonga mlango wa mtu.

Mpwa wangu alimrekodi bibi yake Kojani akimpiga pweza juu ya jiwe ili alainike, kama wapigwavyo pweza wote tangu enzi za mababu. Mtandao mmoja, sitautaja, ukaiondolea video matangazo: ukatili. Mistari minne ya Kiingereza, haina jina la aliyeamua wala namba ya simu. Akakata rufaa. Jibu lilirudi hajaiweka simu chini, mistari ileile minne. Sasa hivi anacheza dansi za Wamarekani mbele ya ukuta wa skuli, na watazamaji wamezidi. Pweza hana mdhamini.

Serikali ya Zanzibar ilipolifungia gazeti la Dira mwaka uleule wa AdSense, 2003, angalau tulijua aliyefunga ni nani, tukamsema barazani mpaka kahawa ikapoa. Leo umseme nani? Kompyuta?

"Kama hamtaki, anzisheni mtandao wenu," kijana akanijibu. Subhanallah! Umeme wenyewe tunaupata kwa waya uliopitishwa chini ya bahari kutoka Tanga, tangu 2010. Bando nikinunua asubuhi, adhuhuri haliko, wala sijui limeliwa na nani. Meli ya Unguja bahari ikichafuka tunalala bandarini Mkoani na mizigo yetu. Halafu mie niende nikafungue Google yangu Wawi!

Mkulima wa karafuu wa Mtambwe hana haja ya kufundishwa haya. Kwa sheria mnunuzi wake ni mmoja, ZSTC, shirika la biashara la Serikali ya Zanzibar, bei anapangiwa, na akijaribu kuvusha gunia kwenda Mombasa anakamatwa kwa magendo. Hajatokea mtu wa kumwambia kuwa ana soko huria, ati kwa kuwa mkarafuu umeota uani kwake. Lakini akitia simu mfukoni, mara anaambiwa yeye ni mhariri.

Simu na mawasiliano ni mambo ya Muungano, kwa hiyo nawauliza wabunge wa Pemba walioko Dodoma: hizi kampuni zinazouza macho ya watu wetu, ofisi yao ya malalamiko iko mtaa gani, na nani pale anayejua Kiswahili cha pweza?