Mlangoni Walitazama Viatu, Hawakutazama Soli

Waswahili husema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Methali hiyo niliikubali tangu shule ya msingi, ila mwaka huu nimepata mahali ambapo haifai hata kidogo. Kiatu cha mtu anayenyanyua vyuma kinatakiwa kiwe na kipande cha mti ndani. Hilo si fumbo. Viatu vya wanyanyuaji wa zamani vilikuwa na visigino vya mbao kweli, na vya leo vina plastiki ngumu isiyobonyea, kisigino kikiwa kimeinuka kiasi cha sentimita 2. Mkakasi wa kuogopa ni ule ambao ndani una sifongo.

Naandika kwa hasira kidogo, na sababu yake ni hii. Hapa Gisenyi kuna ukumbi wa mazoezi ambao sitautaja jina. Jioni moja nilikwenda huko na rafiki yangu tunayesoma naye. Mimi nilivaa raba za turubai, bapa, zenye soli nyembamba, kama zile ambazo wengi wetu tulivaa sekondari katika kipindi cha michezo. Yeye alivaa raba nene za kukimbilia alizonunua sokoni kwa faranga 15,000, soli zimevimba kama mkate. Kijana wa zamu alitutazama miguuni kabla ya kututazama usoni. Rafiki yangu akaambiwa, "Karibu, kaka." Mimi nikaambiwa, "Mdogo wangu, hivyo si viatu vya mazoezi. Soma kibao." Kibao kilisema kwa lugha tatu kwamba wanaoingia wavae viatu vya michezo tu. (Kiswahili hakikuwemo, ingawa ni lugha rasmi ya nchi yetu tangu 2017. Ugomvi huo nauweka kiporo.)

Nikabaki nje, nikawa natazama dirishani. Rafiki yangu alijitwika mabegani mtaimbo na sahani zake, jumla kilo 80, akachuchumaa. Alipofika chini kabisa niliona raba ya kushoto ikibonyea upande wa ndani, kifundo cha mguu kikalala, goti likafuata, na mtaimbo ukainamia upande mmoja. Watu wawili waliokuwa karibu wakamuwahi. Hakuvunjika, namshukuru Mungu, lakini alichechemea wiki mbili, na kila aliyemuuliza alimjibu kwamba hana mazoezi ya kutosha. Hapo ndipo ninapokataa. Nguvu alikuwa nazo. Ila alikuwa amesimama juu ya godoro.

Raba ya kukimbilia ni kitu kizuri kwa kazi yake, sina ugomvi nayo barabarani. Mkimbiaji anapotua, ardhi humrudishia kishindo cha uzito wake mara mbili au tatu kwa sehemu ndogo ya sekunde, na povu lililomo ndani ya soli limewekwa ili limeze kishindo hicho. Mnyanyuaji anayechuchumaa hana kishindo cha kumezwa. Ana mzigo unaomkalia, unaoshuka naye polepole na kupanda naye polepole. Rafiki yangu ana kilo 70 hivi. Ongeza 80 za chuma, unapata kilo 150 juu ya nyayo mbili. Povu haliwezi kuubeba uzito huo sawasawa. Linadidimia zaidi pale linapoelemewa zaidi, kisha linasukuma kurudi juu kwa namna ambayo mwenye mguu hakuitarajia. Nguvu ambayo ingepita mguuni kwenda sakafuni, na kutoka sakafuni kupandisha chuma, inaishia kwenye kukamua sifongo.

Na hata kunyanyua kwenyewe si kwa aina moja. Anayechuchumaa na mzigo mabegani anaweza kusaidiwa na kisigino kilichoinuka, kwa sababu kinaruhusu goti kwenda mbele na kifua kubaki wima. Anayeokota chuma kutoka sakafuni hadi mapajani hahitaji kisigino hicho. Kila sentimita ya soli inamwongezea sentimita ya kuvuta, kwa hiyo yeye anataka kiatu bapa na chembamba kabisa. Huko Marekani na Ulaya wanyanyuaji wengi wa mtindo huu wa pili huvaa raba za turubai za Converse, kiatu kilichoanza kuuzwa mwaka 1917 kwa ajili ya mpira wa kikapu. Kiatu cha turubai, soli bapa ya mpira mgumu. Ndugu yake yule yule niliyekatazwa naye mlangoni.

Wapo watakaoniambia kwamba raba za kukimbilia nazo zina kisigino kilichoinuka. Zinacho, naam. Lakini ngazi ya mbao na ngazi ya unga wa ugali zote zinaweza kuwa na kimo kimoja, na wewe unajua utapanda ipi.

Kwa upande wa kifundo cha mguu, kipimo chake hakina gharama. Vua viatu, chuchumaa mpaka chini, visigino vikiwa vimekanyaga sakafu, kama mama zetu wanavyochuchumaa mbele ya mafiga. Ukiweza kukaa hivyo bila kuanguka nyuma, kiatu bapa kinakutosha. Visigino vikiinuka vyenyewe, basi unahitaji kitu kigumu chini yake mpaka kifundo kilegee. Wengi wetu tuliokulia vijijini tunaweza. Waliozoea kiti tangu chekechea huanguka chali, na kicheko kinakuwa kikubwa, lakini si kosa lao.

Walimu wetu waliosoma rasimu ya insha hii wameniuliza: je, unataka turudi miguu mitupu? Swali hilo lina uzito katika nchi hii, nami sitalikwepa. Sisi wa Rubavu tunaishi juu ya udongo wa volkano. Kuna ugonjwa ambao Wanyarwanda huuita imidido, matende yasiyoletwa na mbu bali na chembechembe za udongo huo zinazoingia kwenye ngozi ya miguu isiyo na viatu kwa miaka mingi. Uchunguzi uliofanywa nchi nzima mwaka 2017 uliwakuta wagonjwa wake katika wilaya zote 30. Kwa hiyo kiatu hapa kwetu kimekuwa afya, kisha kimekuwa heshima, na watu wazima wanakumbuka viongozi wakisisitiza kwamba mtu asiende sokoni bila viatu. Nalielewa hilo na naliunga mkono kwa moyo wote. Shambani vaa buti, njiani vaa viatu. Lakini sakafu ya saruji iliyopigwa deki haina udongo wa volkano, na mlinzi wa mlango aliyeichukua heshima ya barabarani akaiingiza kwenye chuma hakunikinga na ugonjwa wowote. Alinipima utu wangu kwa unene wa soli.

Tena sikutaka kuingia peku. Nilikuwa na viatu.

Hoja ya pili wanayoleta ni vidole: sahani ikianguka je? Nimeisikia kwa watu watatu, na wote watatu walikuwa wamevaa raba zenye kitambaa cha wavu juu ya vidole. Sahani ya kilo 20 ikitoka kwenye usawa wa kiuno haitaulizia kama wavu huo ni wa kampuni gani. Kinachokinga vidole ni buti la kiwandani lenye chuma mbele, na hakuna ukumbi mjini kwetu unaolidai. Basi tusiseme usalama wakati tunamaanisha sura.

Hoja ya tatu ni ya Abebe Bikila, ambaye huletwa na pande zote mbili kama shahidi wa kukodiwa. Alishinda marathoni ya Roma mwaka 1960 bila viatu. Alishinda ya Tokyo mwaka 1964 akiwa na viatu. Anayetaka kumtumia kusema viatu havina maana atapigwa na Tokyo, na anayetaka kusema ni lazima atapigwa na Roma. Mimi simhitaji. Alikuwa anakimbia.

Wanaonifaa zaidi ni wapakiaji wa malori wa hapa hapa mjini. Hawajasoma kitabu chochote juu ya soli, lakini nimewaona mara nyingi: kabla ya kupokea gunia la viazi begani, wengi huvua kambambili na kuziweka kando. Kambambili ni laini na inateleza kisigino, na wao wanalijua hilo kwa migongo yao. Mmoja wao, mzee kidogo, hakuzivua kambambili bali alivaa rugabire, ndala zile za tairi la gari ambazo Watanzania huziita katambuga, zenye mkanda nyuma ya kisigino. Nilimwuliza kwa nini. Alinijibu, "Kijana, hiki hakinami." Maneno mawili, na yanatosha kuwa somo zima. Mpira wa tairi haubonyei, na ule mkanda unaushika mguu usitoke. Ukumbi wa mazoezi ungemfukuza.

Sasa tuje kwenye pesa, maana kibao kile ni cha pesa pia. Mwaka 2016 serikali yetu ilipandisha ushuru wa nguo za mitumba kutoka dola 0.20 hadi dola 2.50 kwa kilo, na viatu vya mitumba navyo vikapandishiwa ushuru, ili viwanda vya nyumbani vipate kupumua. Marekani ilikasirika, na mwaka 2018 ikatuondolea msamaha wa ushuru kwa nguo tunazouza kwao. Sera hiyo sipingani nayo. Ninachosema ni kwamba raba nene ya kigeni, iwe mpya au ya mtumba, si kitu cha kumwambia mwanafunzi akanunue kana kwamba ni daftari. Sisi mitumba tunaiita caguwa, neno ambalo Kinyarwanda kililichukua kwenye kitenzi chetu cha kuchagua. Kibao kinachomlazimisha mtu kununua kitu kimoja, tena kisichomfaa, kimeliua neno hilo.

Na ukienda kwenye caguwa, chagua kweli. Fundi viatu mmoja alinifundisha kipimo cha dole gumba: bonyeza soli kwa ndani, pale kisigino kinapokaa. Dole likizama, kirudishe kiatu kwenye lundo hata kama kina jina kubwa ubavuni. Kisha kiweke mezani ukitazame kwa nyuma. Kikiwa kimelala upande mmoja, mwenye mguu wa kwanza amekwisha kukipinda na wewe utarithi upinde wake. Kisha kivae, ufunge kamba, ujaribu kuzungusha mguu ndani. Usizunguke. Fundi huyo huyo aliniwekea kipande cha mti mgumu chini ya kisigino cha raba zangu za turubai, akakipigia gundi na kukishona pembeni, kwa bei ambayo haifiki robo ya zile raba za rafiki yangu. Ninazivaa siku za kuchuchumaa. Siku za kuokota chuma sakafuni navaa pea nyingine, ya zamani, bila nyongeza yoyote.

Hata wakubwa wa mchezo huu hawana ushamba wa kile kibao. Kanuni za shirikisho la kimataifa la kunyanyua vitu vizito zinataka mshindani avae viatu, ndiyo, na zinaweka kikomo cha kimo cha sehemu ya juu ya kiatu, milimita 130, ili kisigeuke kuwa bandeji ya mguu. Hakuna mahali zinaposema kiatu kiwe kinene au kiwe cha kukimbilia.

Ombi langu liko kwa wenzangu wa kamati ya michezo, kwa kuwa mwaka ujao tunatarajia kuwa na chumba chetu kidogo cha vyuma, na tayari nimesikia kwamba kibao kitanakiliwa kutoka mjini neno kwa neno. Kisinakiliwe. Andikeni hivi: "Viatu visafi, vimefungwa kamba au mkanda, soli isiyobonyea kwa dole gumba." Rangi na ubao ninavyo nyumbani, nami niko tayari kukiandika mwenyewe, kwa Kiswahili.