Hita Ikichemsha Maji Kupita Kiasi

Msomaji, iwapo maji ya bafuni yanakuunguza vidole punde tu unapofungua mfereji, usijizoeze kuyazimua na ya baridi kisha ukanyamaza. Maji ya nyuzi 60 yaweza kumchoma mtu mzima vibaya kwa sekunde 5 hivi. Mtoto huungua upesi zaidi.

Tuzungumzie hita ya tangi, ile ya umeme iliyofichwa juu ya dari. Ndani yake mna thamostati, kifaa kidogo kinachokata umeme maji yanapofikia joto lililopangwa. Huenda mpangaji aliyekutangulia aliipandisha hadi 75, basi. Zima swichi kuu ya nyumba, si ya hita pekee, ufungue kifuniko na kuirudisha kwenye 60. Usiishushe mno kwa tamaa ya kupunguza bili, kwani maji ya uvuguvugu yanayolala tangini hulea viini vya Legionella, ambavyo huleta maradhi ya mapafu.

Ukiwa hapo, na umeme ungali umezimwa, zungusha polepole kile kiduara chenye namba maji yakiwa bado moto. Thamostati nzima hulia "tik" mahali fulani. Ikikaa kimya toka mwanzo hadi mwisho, yaelekea imekwama na haikati umeme tena. Mwite fundi wa umeme aibadilishe. Bei yake ni ndogo ukilinganisha na ya hita nzima, lakini hiyo si kazi ya kumpa kijana wa Kidato cha Pili aliyesoma umeme juzi!

Ikilia, pima maji ya mfereji kesho yake kwa kipimajoto cha jikoni. Kile cha homa huishia nyuzi 42, nacho kitapasuka.

Mngurumo mdogo tangini huenda ni ukoko wa chokaa, hasa kama birika lako nalo lina ukoko mweupe. Mfereji ukitoa mvuke, hilo ni jambo jingine. Zima umeme mara moja, uache tangi lipoe lenyewe.

Kuna watu huiziba vali ya usalama kwa kijiti kwa sababu inalowesha dari. Jamani! Lita 1 ya maji ikigeuka mvuke hutaka nafasi ya zaidi ya lita 1,600, na vali hiyo ndiyo njia yake ya kutokea. Matone machache maji yanapopata moto si ajabu, ila yakibubujika, mwonyeshe fundi.

Kabla hajafika, unapomwogesha mtoto, tia maji baridi kwenye beseni kwanza, ya moto baadaye.