AFYA YA WATOTO WETU: Madoa mekundu yasiyofifia



Mtoto alikuwa na mafua, akapona. Kisha juma mbili ao tatu zinapita, na mama akimwogesha anaona madoa madogo mekundu miguuni, kama alama za ncha ya sindano. Ana vilio vya damu magotini na mikononi, na hakuna aliyemwona akianguka. Pengine pua inatoka damu. Lakini anacheza, anakula, hana homa.

Hapo maneno yanaanza: mtoto amepigwa, amerogwa, amepewa sumu. Tusimhukumu mtu kabla damu haijapimwa.

Ndani ya damu kuna chembe ndogo ziitwazo plaketi. Kazi yao ni kuziba mahali mshipa umepasuka. Wakati mwingine, baada ya ugonjwa wa virusi, kinga ya mwili inapotea njia na kuharibu plaketi za mtoto mwenyewe. Ugonjwa huu hauambukizi, na si kosa la mama. Huonekana zaidi kwa watoto wa miaka 2 mpaka 5.

Bonyeza doa kwa kidole. Wekundu wa upele mwingi hufifia. Damu iliyovuja chini ya ngozi haifichiki. Doa likibaki, mpeleke mtoto siku ile ile kwenye hospitali yenye laboratwari. Akiwa na homa pamoja na madoa hayo, usingoje hata asubuhi, maana inaweza kuwa homa ya uti wa mgongo ao ugonjwa mwingine mkali.

Hospitalini watahesabu chembe zote za damu. Mtu mzima wa afya ana plaketi elfu 150 mpaka elfu 450 katika mikrolita moja, na mtoto vilevile. Katika ugonjwa huu mara nyingi hushuka chini ya elfu 20, lakini chembe nyeupe ziko sawa. Kwetu malaria pia hupunguza plaketi, basi ipimwe. Mtoto aliyekonda, aliyepauka ao mwenye tezi zilizovimba anahitaji uchunguzi zaidi, maana kansa ya damu nayo huanza hivyo.

Damu ikiwa imevuja kwenye ngozi tu, daktari anaweza kuchagua kumfuatilia mtoto bila dawa. Watoto wengi hupona ndani ya miezi 6. Akitoka damu nyingi, anaweza kupewa prednisoloni kwa siku chache. Tusiinunue wenyewe kwenye famasi: inaweza kuficha kansa ya damu kabla haijajulikana.

Wakati wa kungoja:

– Asipewe aspirini wala ibuprofeni. Kwa maumivu, parasetamoli.
– Asichomwe sindano za matakoni bila daktari kujua hali yake.
– Asichanjwe chale, asikatwe kilimi.
– Asipande miti, asicheze michezo ya kugongana.

Kichwa kikimuuma sana, akitapika, akisinzia kupita kawaida, akipata degedege, ao damu ikionekana kwenye choo ama mkojo, mkimbize hospitali, hata usiku.

Kwenye vikundi vyetu, tusome haya kwa sauti. Mtoto wa jirani akiwa na alama za namna hii, tumsindikize mama yake kwenye kipimo kabla ya maneno kuzunguka mtaa.