Muuzaji Hodari na Ahadi ya Mtaji

Katika mitaa ya Kariakoo, tangu Msimbazi hadi Kongo na Aggrey, yako malalamiko yasiyokwisha miongoni mwa wenye maduka, nayo ni kwamba vijana hodari wa kazi hawakai. Tajiri humpokea kijana asiyejua hata kupima kitambaa, humfundisha bei, humjulisha kwa wateja wa mikoani wanaokuja kununua kwa jumla, na baada ya miaka mitatu au minne kijana huyo asubuhi moja haonekani. Baadaye huonekana mtaa wa pili, katika duka la mshindani, au amepanga bidhaa zake mwenyewe kwenye meza barazani, na wateja wale wale wanamfuata. Matajiri wanasema vijana wa siku hizi hawana shukrani. Sisi tumelitazama jambo hili kwa muda, wala hatukubaliani na hukumu hiyo.

Wasomaji wetu wa Unguja na Pemba wasidhani kwamba tunasimulia habari za ng'ambo zisizowahusu. Wenye maduka wengi wa Kariakoo asili yao ni Pemba, na vijana waliomaliza skuli Wete, Micheweni na Chake Chake huvuka bahari kwenda kwa ami au mjomba kujifunza biashara. Desturi inajulikana. Kijana hala mshahara kamili. Hulala kwa mwenye duka, hula kwake, hupewa fedha kidogo ya matumizi, na huambiwa: tumika, mwanangu, mwisho nitakufungulia duka. Wachaga na Wakinga nao wana desturi iliyo karibu sana na hiyo.

Hatusemi kwamba desturi hiyo ni mbaya. Wengi wanaoitwa matajiri leo walianza kwa kufagia duka la mtu mwingine, na kwa kijana asiye na mtaji wala cheti hiyo ndiyo skuli isiyodai ada. Kasoro imo katika neno moja, nalo ni "mwisho". Neno hilo halina tarehe wala kiasi. Na hapa ndipo tunapoona kiini cha tatizo: kijana mzembe huachiliwa upesi, kwa kuwa hakuna anayemhitaji, lakini yule anayejua kuuza, anayeaminiwa na wateja na ambaye daftari lake halina dosari, ndiye ambaye tajiri hataki aondoke. Kwa hiyo kadiri anavyozidi kuwa hodari ndivyo ahadi yake inavyosogezwa mbele. Mwaka huu kodi ya fremu imepanda, mwaka ujao kontena limechelewa bandarini, mwaka wa tatu mtoto wa tajiri anaoa. Kijana huona kwamba ubora wake ndio unaomchelewesha, naye huondoka kwa mlango wa nyuma kwa sababu ule wa mbele hakufunguliwa.

Tena mwenye duka, kwa kuogopa kuondokewa, humficha kijana mambo. Bei ya kununulia haijui. Aliyewauzia mzigo huko Guangzhou hamjui. Faida ya mwezi haijui. Mali ikipungua hukatwa fedha bila ya kuulizwa. Mtu wa namna hiyo anafundishwa kila siku kwamba yeye ni mgeni dukani, kisha analaumiwa kwa kuondoka kama mgeni.

Sheria haikunyamaza. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini Na. 6 ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya kazi yake kwa maandishi. Inaweka kikomo cha saa 45 za kawaida kwa wiki, likizo ya siku 28 kwa mwaka, na malipo ya mara moja na nusu kwa saa za ziada. Kufidia hasara kwa kukata mshahara nako kumewekewa masharti, likiwemo la kumpa mfanyakazi nafasi ya kujitetea. Amri ya Mishahara iliyoanza Januari 2023 iliweka shilingi 150,000 kwa mwezi kuwa kima cha chini katika sekta ya biashara na viwanda, na Amri mpya iliyoanza tarehe 1 Januari 2026 ilipandisha wastani wa kima cha chini cha sekta binafsi kutoka shilingi 275,060 hadi 358,322. Ni maduka mangapi ya Kariakoo yenye hata karatasi moja inayotaja jina la muuzaji wake, wahusika wenyewe wanaweza kutembea wakajionea.

Jambo hili limekuwa la haraka zaidi tangu biashara ya saa 24 ilipozinduliwa Kariakoo tarehe 27 Februari 2025. Tuliiunga mkono hatua hiyo, na bado tunaiunga. Lakini duka linalokesha linahitaji zamu mbili au tatu za watu, si kijana mmoja anayeongezewa usiku juu ya mchana wake. Sheria inataka kazi ya kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi ilipwe nyongeza isiyopungua asilimia 5. Aidha, kituo kikubwa cha biashara cha Ubungo, kilichofunguliwa Agosti 2025, kina maduka zaidi ya 2,000, na hayo yatatafuta wauzaji wenye uzoefu. Watawatafuta wapi kama si Kariakoo?

Yafaa tukumbuke, ingawa ni kupinda njia kidogo, kwamba jina lenyewe la Kariakoo limetokana na kikosi cha wapagazi wa Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza, watu waliochukuliwa kwa nguvu, wakafa kwa maelfu kwa maradhi, na ambao wengi wao ujira wao haukuwafikia. Baadaye, mwaka 1947, makuli wa bandari ya Dar es Salaam waligoma, na mwaka 1948 wenzao wa Unguja wakagoma pia. Hao walikuwa vibarua, leo wapo na kesho hawapo, na mwajiri aliona hiyo ni nafuu kwake mpaka meli ziliposimama bila ya kupakuliwa.

Sisi twaona kwamba mwenye duka anayetaka kubaki na muuzaji wake hodari hana budi kukubali kwanza kuwa kijana huyo ataondoka. Hakuja Kariakoo ili azeeke nyuma ya meza ya mtu. Kinachowezekana ni kukubaliana naye kwamba atatumika miaka mitano, kwa mfano, kwa mshahara wa sheria. Kwamba kila mwezi kiasi fulani kinawekwa benki kwa jina lake. Na kwamba tarehe ikifika atakabidhiwa akiba hiyo na kupewa mali kauli, alipe akiuza. Kijana anayejua tarehe yake hana sababu ya kukimbilia kwa jirani katika mwaka wa tatu. Na tajiri aliyemtoa kwa heshima hupata mteja wa jumla badala ya mshindani mwenye kinyongo.

Wako watakaotuambia kwamba kodi na kilemba vinawamaliza, na kwamba wako vijana waliotoroka na fedha hata baada ya kutendewa wema. Yote mawili ni kweli. Lakini gharama ya kumfundisha mtu mpya kila baada ya miaka mitatu, pamoja na wateja anaoondoka nao yule wa zamani, haiandikwi katika daftari lolote, na kwa hiyo hudhaniwa kuwa haipo.

Kwa Serikali tuna ombi. Kazi si jambo la Muungano. Sheria ya Ajira ya Zanzibar Na. 11 ya mwaka 2005 haivuki bahari pamoja na kijana wa Micheweni. Akifika Kariakoo yuko chini ya sheria ya Bara, na akiachishwa kazi isivyo haki ana siku 30 tu za kupeleka shauri mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Hata akizijua siku hizo, ataona haya kumshitaki mjomba wake. Kwa hiyo tunazishauri wizara za kazi za pande zote mbili ziandae mkataba mfupi wa Kiswahili, wa ukurasa mmoja, wenye nafasi ya mshahara, akiba, tarehe na mashahidi wawili wa ukoo, nao upatikane kwa masheha na katika ofisi za kata za Ilala kabla kijana hajapanda boti.