Tatizo si injini peke yake

Mwandishi, kwenye makala yako hapo uliposema ndege za kujiundia huanguka kwa sababu ya injini hafifu, sikubaliani. Ile ndege ya kujiundia aina ya Long-EZ iliyomuua mwanamuziki John Denver kule California tarehe 12 Oktoba 1997, wachunguzi hawakuikuta na hitilafu ya injini. Aliyeiunda alihamisha koki ya mafuta kutoka pale mchoro wa mbunifu wake, Burt Rutan, ulipoiweka, kati ya miguu ya rubani, akaipeleka nyuma ya bega la kushoto. Denver alipojipinda kuifikia, wakasema, alikanyaga pedali ya kulia bila kukusudia, ndege ikamponyoka. Na kabla ya kuruka alikuwa ameulizwa kama aongezewe mafuta, akakataa. Mimi ni fundi wa pikipiki hapa Kakuma. Huletewa pikipiki ambazo mtu amehamisha koki ya petroli apendavyo, mwenyewe anaipapasa huku macho hayako barabarani. Njia ya Lodwar utaangukia mchangani, ukung'ute nguo. Angani hakuna hiyo nafasi.

Ndugu uliyetoa maoni hapo juu, unayetaka vijana wetu wapigwe marufuku kuunda ndege, tafadhali usiwakatishe tamaa. Wapewe mkaguzi wa kuangalia kila koki na kila waya kabla ya kuruka. Na wajue Lodwar mchana joto hupita nyuzi 35, hewa inakuwa nyepesi, ndege inahitaji uwanja mrefu zaidi. Hesabu za hewa ya baridi hazitoshi huku.