Homa na Malaria

Wanazuoni wa mantiki waliomfuata Aristotle, na Ibn Sina akiwa miongoni mwao, wamefundisha kwamba akili kwanza hulitambua jambo bila ya kulihukumia lolote, kama mtu awazapo homa tu. Kisha huyaunganisha mambo mawili kwa kuthibitisha au kukanusha, na hapo ndipo ukweli na uwongo huanza. Na mwisho hutoa katika hukumu mbili hukumu ya tatu, nayo ndiyo kiyasi. Balaa letu kubwa limo katika hicho kiyasi. Msikilize mzazi aliyesimama mbele ya muuza dawa, akisema kwa yakini kwamba mgonjwa wa malaria hushikwa na homa, na mwanawe ameshikwa na homa tangu jana usiku, basi apewe dawa ya malaria. Yote aliyoyatanguliza ni kweli (na hilo ndilo linalomhadaa), lakini natija haitoki humo, kwa kuwa homa huwashika pia wenye homa ya matumbo, wenye kidingapopo na wenye kichomi. Lau ingekuwa kila mwenye homa ana malaria, kiyasi chake kingesimama. Ila yeye ameigeuza kauli kichwa chini, akadhani ni ile ile. Shirika la Afya Duniani lilipopendekeza, mwaka 2010, kwamba kila anayeshukiwa kuwa na malaria apimwe kabla ya kutibiwa, lilikuwa likiidai dalili iliyokosekana katika kiyasi cha mzazi huyo. Basi, ewe mzazi, kabla hujafungua mkoba, mpeleke mtoto akapimwe damu.