Duka Lililodumu Miaka Sita: Nafuu ya Kodi na Biashara katika Mitaa Maskini ya Marekani

Tangu kuchaguliwa kwa Baba Mtakatifu Leo XIV mwezi Mei 2025, macho ya waamini wengi yameelekea Chicago, jiji alikozaliwa. Katika upande huohuo wa kusini, ambako parokia ya utoto wake ilikuwepo, uko mtaa wa Englewood. Zamani makutano ya barabara ya 63 na Halsted mtaani humo yalikuwa miongoni mwa vitovu vikubwa vya biashara nje ya katikati ya jiji. Mwaka 1960 Englewood ilikuwa na wakazi zaidi ya 97,000. Sensa ya mwaka 2020 iliwakuta kama 24,000 tu. Weupe walihama, benki zikakataa kuwakopesha weusi waliohamia, viwanda vikafungwa, na maduka yakawafuata wateja wenye fedha. Waliobaki walilazimika kupanda basi kwenda mbali kutafuta mboga na matunda.

Kwa ajili ya mitaa ya namna hiyo, Bunge la Marekani lilipitisha sheria iliyotiwa saini na Rais Bill Clinton mwezi Desemba 2000, ikaanzisha mpango unaoitwa Nafuu ya Kodi kwa Masoko Mapya. Yafaa tueleze unavyofanya kazi, maana mara nyingi huchanganywa na msamaha wa kodi wa kawaida. Mwekezaji, ambaye kwa kawaida ni benki kubwa, huweka fedha katika shirika la maendeleo ya jamii lililoidhinishwa na Wizara ya Fedha. Shirika hilo nalo huzikopesha kwa masharti mepesi kwa mradi ulio katika eneo ambalo umaskini umefikia walau asilimia 20, au ambalo kipato cha familia hakizidi asilimia 80 ya kipato cha kati cha mkoa. Serikali humlipa mwekezaji kwa kumpunguzia kodi anayodaiwa: asilimia 5 ya fedha alizoweka kila mwaka kwa miaka mitatu, kisha asilimia 6 kwa miaka minne. Aliyeweka dola milioni moja hupunguziwa jumla ya dola 390,000. Akiondoa mtaji wake kabla ya miaka saba kutimia, serikali huirudisha nafuu yote mikononi mwake pamoja na riba. Sheria inakataza pia nafuu hiyo kwenda kwenye nyumba za kamari, maduka ya pombe na viwanja vya gofu, jambo ambalo hatuna sababu ya kulilalamikia.

Mwezi Septemba 2016, katika makutano yaleyale ya 63 na Halsted, lilifunguliwa duka la Whole Foods, kampuni iliyozoeleka katika mitaa ya matajiri. Kituo cha biashara lilimopangishwa kilijengwa kwa fedha za jiji, kama dola milioni 10.7, pamoja na nafuu hiyo ya kodi. Vijana wa mtaani walipata ajira, na wajasiriamali wadogo wa Englewood waliuza bidhaa zao kwenye rafu za duka hilo. Furaha ya wakazi ilikuwa ya kweli, wala hatuoni sababu ya kuibeza leo. Lakini mwezi Aprili 2022 kampuni, iliyokwisha kununuliwa na Amazon mwaka 2017, ilitangaza kulifunga, na kufikia Novemba mwaka huo milango ilikuwa imefungwa. Mwaka 2024 nafasi yake ilichukuliwa na duka la nembo ya Save A Lot, ambalo baadhi ya wakazi walilipinga kwa sababu hawakushirikishwa kulichagua.

Kwa mtazamo wetu, kiini cha tatizo ni hiki: nafuu hufuata mtaji uliojenga jengo, na mpangaji hafungwi nayo. Miaka saba humbana benki. Mwenye duka hubanwa na mkataba wake wa pango tu, na kampuni kubwa huweza kulipa pango la jengo tupu bila kuumia. Zaidi ya hayo, jengo jipya haliwarudishi wakazi 70,000 waliohama. Duka la chakula huishi kwa idadi ya wanaopita mlangoni, na hakuna hesabu ya kodi iwezayo kuwazaa wateja.

Upo pia udhaifu wa vipimo. Humohumo Chicago nafuu hii ilisaidia kukarabati hoteli ya kifahari ya Blackstone, kwa kuwa takwimu za eneo lake zilionyesha umaskini. Miongoni mwa hao “maskini” walikuwamo wanafunzi wa vyuo wasio na mshahara. Mwenye duka dogo, kwa upande wake, hawezi kuufikia mpango huu peke yake, kwani gharama za mawakili na wahasibu wa mkataba mmoja zinaweza kuzidi mkopo wote anaouhitaji.

Je, mpango umeshindwa? Hatusemi hivyo. Mwanauchumi Matthew Freedman, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2012, alikuta umaskini ukipungua kwa kiasi kidogo katika maeneo yaliyonufaika, ingawa sehemu ya upungufu huo ilitokana na wakazi wapya kuhamia. Na huko San Diego, California, kituo cha biashara cha Market Creek Plaza, kilichojengwa kwenye kiwanja cha kiwanda kilichotelekezwa na kutumia nafuu hiyohiyo, kilichukua njia nyingine. Wakazi walishiriki kupanga ujenzi, na mwaka 2006, baada ya mashauriano marefu na mamlaka za jimbo, zaidi ya 400 kati yao waliruhusiwa kununua hisa. Tangu Rerum Novarum ya mwaka 1891 Kanisa limefundisha kwamba mfanyakazi asaidiwe kuwa na mali yake mwenyewe, na kanuni ya auni inadai kwamba linaloweza kuamuliwa na jumuiya ndogo lisinyakuliwe na iliyo juu yake. San Diego ilikuwa karibu zaidi na mafundisho hayo kuliko Englewood.

Suala hili si la historia tu. Sheria iliyotiwa saini na Rais Donald Trump tarehe 4 Julai 2025 imeufanya mpango kuwa wa kudumu, kwa dola bilioni 5 za uwekezaji kila mwaka. Hapo awali ulikuwa ukihuishwa kwa vipindi, na kila kipindi kiliwapa wabunge nafasi ya kuuliza maswali. Sasa nafasi hiyo imebaki kwa Wizara ya Fedha inapopima maombi ya mashirika. Tungependa ipendelee miradi ambayo mkataba wa duka unavuka miaka saba, ambayo wakazi wana haki ya kwanza ya kununua jengo mpangaji akiondoka, na ambayo sehemu ya mkopo inagawiwa kwa maduka madogo yaliyokuwepo kabla mgeni hajafika.